Yule Mama wa Sinema na Ukuta Wake

Kwanza naomba msamaha kwa mwandiko wangu. Nyinyi mtausoma ukiwa umepigwa chapa, lakini mhariri nimemtesa, kwa maana herufi zangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Tahajia pia ni mbaya. Sisi Wakamba hatukuzaliwa na "r" mdomoni, na mwalimu wangu wa darasa la tatu alinichapa mara nyingi kwa sababu ya "kalatasi". Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Lakini habari hii nimesikia watu wakiisimulia vibaya, tena inamhusu dada yangu, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa, kwa hiyo naandika.

Ni miaka minne sasa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na tulikaa kwenye milima ya Mbooni, mwendo wa saa moja na nusu kutoka soko la Kikima. Nilikuwa mtu wa aibu sana. Wageni wakiingia kwa mlango wa mbele, mimi nilitoka kwa mlango wa jikoni. Baba alizoea kuwaambia, "Huyo mtamwona kisogo tu."

Dada yangu alikuwa ameolewa upande wa Kitui, karibu na Kwa Vonza. Mwaka ule alijifungua mtoto wa kike hospitalini, mtoto wake wa kwanza. Mtoto aliishi siku mbili. Dada mwenyewe alishikwa na homa kali, akakaa wiki nzima bila kujua yuko wapi. Alipopata fahamu, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Tangu hapo hakusema neno. Mume wake alimleta kwetu wakati wa kupanda, akamwacha, akasema atarudi kumwona akipata nafuu.

Nyumbani alikula, alilala, aliteka maji. Lakini kila siku alasiri alikwenda kando ya ghala, akachuchumaa, akachimba udongo kwa vidole. Alichimba shimo dogo, akalitazama, akalifukia, akalipigapiga kwa kiganja hadi likawa sawa. Kesho yake alichimba pembeni. Baada ya miezi mitatu mahali pale palikuwa kama palipochakurwa na kuku mia.

Kina mama wa kanisa walikuja mara tatu wakamwekea mikono. Mama alifunga kwa maombi. Majirani walisema, "Ana wazimu," kwa sauti ya chini lakini si chini sana. Mwishowe Baba alikata shauri. Jumatatu angempeleka Nairobi, kwenye hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili. Leo najua watu hutibiwa kule wakapona. Wakati ule tulijua habari ya mtu mmoja tu wa kwetu aliyepelekwa, na huyo hakuna aliyemwona tena. Mama alikunja nguo mbili za Dada akazitia ndani ya kiondo, akakiweka mlangoni tangu Alhamisi. Kila nilipopita niliruka kile kiondo kama nyoka.

Jumamosi Mama alinituma Kikima kuuza vyondo pamoja na binamu yangu, msichana wa rika langu ambaye husema maneno yake na yangu pia. Kabla ya saa sita vyondo vilikuwa vimekwisha.

"Leo kuna sinema pale ukumbini," akaniambia.

"Mchana?"

"Mchana. Madirisha yamefungwa kwa blanketi. Twende."

"Mimi siendi kwenye watu wengi."

"Wewe! Ndani ni giza kama tumboni. Nani atakuona?"

Hilo lilinishinda. Tukaenda.

Mwenye sinema alikuwa Mwislamu wa Kitui mjini, mzee nadhifu mwenye kofia ya kufuma, ambaye babu zake walitoka pwani. Jenereta lake lilinguruma nje. Yeye alisimama kando ya shuka jeupe akiwa na fimbo, na kila waliposema Kiingereza kwenye picha, alitufasiria kwa Kiswahili chake kizuri ambacho sisi hatukuwa nacho.

Picha yenyewe nitaieleza kama nilivyoielewa. Ilikuwa ya mama mmoja Mzungu, mwalimu wa muziki, anayeishi na mume wake kwenye nyumba ndefu ya mawe. Mama huyo anasikia kitu kikigonga ndani ya ukuta. Ko, ko, ko. Kisha kimya. Mume anasema hasikii kitu. Mama anagonga naye, anajibiwa. Mume akiingia, kimya. Hakuna bunduki, hakuna farasi, hakuna mtu anayekimbizwa. Kuna uso wa yule mama tu, karibu sana, hadi unaona jasho juu ya mdomo, na muziki unaopanda wakati hakuna chochote kinachotokea. Mwanzoni vijana waliucheka ule muziki. Baadaye waliacha kucheka. Binamu yangu alinishika mkono akaufinya, naye ndiye aliyenileta.

Halafu akaja daktari. Daktari na mume walisimama mlangoni mwa chumba cha kulala wakazungumza, na yule mama alikuwa pale pale kitandani akiwatazama, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayetazama watu wakijadiliana bei ya mbuzi. Mkalimani akasema, "Sasa daktari anamwambia bwana: mke wako ana wazimu."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kulijua. Kwa Kiswahili wazimu ni ugonjwa. Lakini kwa Kikamba tuna aimu, na aimu ni watu wetu waliokufa, ambao humrudia mtu kwa sababu wana haja: wanataka jina lao lipewe mtoto, au wanataka kukumbukwa. Mtu mwenye aimu zamani hakuonewa aibu. Aliulizwa wanataka nini. Kwa masikio yetu yale maneno mawili ni neno moja, hata kwa sisi tuliobatizwa.

Mbele kabisa, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe, alikaa mama mmoja muuza ugoro. Hakuwa mtu wa hekima, msije mkafikiri. Alijulikana soko zima kwa ugomvi. Akauliza kwa sauti:

"Wazimu wa nani?"

"Wa nani vipi, bi mkubwa?"

"Wa upande wa baba au wa upande wa mama?"

"Mama, wazimu hauna baba wala mama."

"Kila mtu ana mama! Wamewauliza wanataka nini?"

"Hakuna wa kuulizwa. Ni ugonjwa. Uko hapa." Akajigonga kofia kwa fimbo.

"Na hicho kinachogonga ukutani? Mimi nimekisikia. Nyinyi hamkukisikia?"

"Tumekisikia!" ukumbi ukajibu.

"Basi sote tuna wazimu. Tupakie kwa gari lako utupeleke hospitali!"

Watu walicheka hadi jenereta likawa halisikiki. Yule mzee wa Kitui naye alicheka, akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Lakini tangu hapo mambo yalibadilika. Kila mume alipoingia chumbani, ukumbi ulimpigia kelele, "Muulize! Muulize anataka nini!" Wakati mwingine kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa Kikamba. Yeye hakuuliza. Alimletea vidonge na glasi ya maji, akamwambia alale, akafunga mlango kwa nje. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mjinga huyu," kwa uchungu kabisa, kana kwamba anamsema shemeji yake.

Mwisho mama yule anachukua nyundo anavunja ukuta. Sote tulisimama. Nyuma ya mawe kuna chuma kirefu, cheusi.

"Ni bomba la maji," akasema mkalimani.

"Bomba?"

"Bomba. Maji yakipita linagonga."

"Tumetoka Mbooni yote kuja kuangalia bomba?" kijana mmoja akalia, na wengine wakataka kuondoka. Lakini picha haikuwa imekwisha. Fundi anakuja, bomba linatengenezwa, ukuta unazibwa, mume na mke wanalala. Kimya. Kisha: ko, ko, ko. Safari hii hawakutuonyesha mama. Walituonyesha mume. Akafungua macho. Basi, shuka likawa jeupe.

Halafu ukumbi ukapasuka kwa maneno, na maneno hayo yakatoka nje yakaenea sokoni. Wengine walisema amesikia, na sasa atamwamini mke wake. Wengine walisema hakusikia, ameamka kwenda haja. Binamu yangu alikuwa Amesikia. Muuza ugoro alipoulizwa alisema, "Amesikia, lakini atakataa. Si ni mwanamume?" Siku nyingi baadaye watu wa Kikima walisalimiana hivyo: "Amesikia?" "Hakusikia!" Ile picha ilipopelekwa Mbumbuni tuliambiwa kule wengi walikuwa Hakusikia, na tukawaona ni watu wasio na akili.

Mimi nilipopanda mlima sikufikiria mume. Nilifikiria wale wawili mlangoni, na yule mama akiwatazama. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimesikia kila mtu akisema Dada ana nini. Sikumbuki kusikia mtu akimuuliza kitu, isipokuwa "Umekula?", na hata hilo hawakungoja jibu. Mimi pia sikumuuliza. Nilimwita kutoka mbali, kama watu wote.

Nilifika nyumbani yapata saa kumi na moja. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Dada alikuwa kando ya ghala. Nilitua mzigo wa sokoni nikaenda nikachuchumaa karibu naye, karibu kuliko nilivyowahi kukaa tangu arudi.

"Dada, unataka nini?"

Hakugeuka. Nilijiona mpumbavu. Kelele za ukumbini zilikuwa rahisi, lakini hapa nilikuwa peke yangu na maneno yangu. Sikuwa na lingine la kusema, kwa hiyo nikaanza kuchimba naye. Udongo ulikuwa mkavu, ukaingia chini ya kucha. Nilichimba kashimo kangu pembeni ya lake. Akaacha kuchimba, akatazama mikono yangu.

"Si hapa," akasema.

Niliendelea kuchimba ili asiogope. "Si hapa nini?"

"Si hapa alipo."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Hawakunionyesha."

Akarudi kwenye shimo lake. Akalifukia, akalipigapiga. Na mimi nikaelewa kile kiganja. Alikuwa akitafuta mahali mtoto wake alipolala, kwa sababu hakuna aliyempeleka.

Sasa ilibaki kumwambia Baba, na kiondo kilikuwa mlangoni. Nilimkuta ameketi nje akishona kamba ya ngozi ya jembe la ng'ombe. Mama alikuwa amerudi, anachambua mbaazi. Nilisimama nyuma ya Baba muda mrefu.

"Baba."

Aligeuka kwa mshangao. Mimi siye ninayeanza mazungumzo. "Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Dada amesema."

"Amesema nini?"

Nikamwambia yote, kuanzia sinema, macho yangu yakiwa chini, hadi pale pa "hawakunionyesha". Nikamwambia asimpeleke Nairobi. Nikamwambia ampeleke Kwa Vonza aonyeshwe. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake.

"Umetoka sinema," akasema, "sasa unaniletea sinema nyumbani?"

Aibu ilikuwa imerudi yote. Kisha Mama akasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo:

"Mama haonyeshwi kaburi la mtoto wa siku mbili. Ndivyo wanavyofanya. Wanasema atapoteza akili."

"Ndiyo," akasema Baba.

"Hata wangu sikuonyeshwa."

Mimi sikujua kwamba naye aliwahi kufiwa na mtoto mchanga. Baba alishika sindano hewani. Alikaa hivyo, halafu akainyoosha akaelekeza chini, kwenye matuta ya shamba letu.

"Tuta la pili," akasema. "Pale linapopinda. Mimi ndiye niliyemweka."

Mama alitazama pale. "Nimepanda mbaazi pale," akasema. "Miaka yote."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Mama aliweka ungo chini, akashuka shambani, akasimama kwenye tuta la pili pale linapopinda. Hakulia kwa sauti. Alisimama tu, mikono ikiwa nyuma, hadi jua likagusa mlima wa ng'ambo. Baba hakushona tena jioni ile. Mama aliporudi, Baba alimwambia, "Jumatatu tutapanda gari la Machakos, halafu la Kitui. Tutashuka Kwa Vonza." Halafu akaniambia mimi, "Na wewe utakuja. Wewe ndiye unayejua kuongea naye."

Jumapili mhubiri alisema mimbarini kwamba ile sinema ilikuja kufundisha watu mapepo, na waliokwenda watubu. Binamu yangu alitubu. Mimi niliinamisha kichwa, lakini sikujua nitubu nini, kwa hiyo nikaomba safari iwe njema.

Kwa wakwe zetu walitupokea kwa wasiwasi. Walidhani tumekuja kumrudisha Dada au kulalamika. Baba alikataa kiti kwanza, akasema, "Tumekuja kuonyeshwa." Mume wa Dada alitazama chini. Mama mkwe wa Dada ndiye aliyeelewa, kwa maana aliinuka, akajifunga leso vizuri, akatangulia.

Palikuwa nyuma ya boma la ng'ombe, karibu na ua wa minyaa. Mawe matatu tu. Mtu angeweza kupita hapo mara elfu asijue. Dada alipiga magoti. Nilifikiri atachimba, na nikaona Mama naye anafikiri hivyo, amenishika mkono kwa nguvu. Hakuchimba. Aliweka viganja vyote viwili juu ya udongo, akaviacha pale.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Yule wa siku mbili alikuwa amekwenda bila jina, na kwa desturi za zamani mtoto kama huyo bado hajawa wa watu. Sisi ni watu wa kanisa na hatusemi hivyo tena, lakini ni wazi kwamba hakuna aliyekuwa amemwita kitu. Dada alimwita. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo Dada alisema jina la mama mkwe wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Naam?" akaitika mama mkwe nyuma yetu. Ilimtoka tu, bila kufikiri.

Dada akageuka akamtazama. "Si wewe, Mama," akasema.

Yule mama mkwe alijifunika mdomo kwa leso. Nilifikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka pia, kisha Dada naye akaanza, kicheko kidogo chenye machozi, na Mama, na mwisho hata mimi. Baba na mume wa Dada walisimama kando wakatutazama wanawake wanne tumekaa chini tukicheka na kulia kwenye mawe matatu. Baadaye Dada aliomba maji ya kunywa. Akala muthokoi sahani mbili.

Sitaki msomaji afikiri alipona siku ile. Tulirudi naye, akakaa kwetu hadi mavuno. Kulikuwa na wiki za kimya. Baba alimpeleka kwa daktari Machakos, na vidonge alivyopewa vilimsaidia kulala, navyo siwezi kuvisema vibaya. Lakini hakuchimba tena kando ya ghala. Alianza kwa kuomba chumvi, kisha kwa kunikosoa ninavyosuka vyondo, kisha kwa kumjibu binamu yangu, jambo ambalo si rahisi hata kwa mtu mzima wa afya. Baada ya mavuno alisema anataka kwenda kwake, na mume wake akaja kumchukua. Mwaka jana alijifungua mvulana. Nilikwenda kumsaidia siku za kwanza. Siku ya tatu walinituma nje niwaite majirani waje kusikia jina, nami nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikabisha, nikasema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nimeandika hivi kwa ajili ya wale ambao nyumbani kwao yuko mtu anayekaa kando, anafanya jambo lisiloeleweka, na kila mtu anajua ana nini. Kama ni wewe, kaa karibu naye umuulize, kisha ungoje, hata kama utajiona mpumbavu. Halafu tafadhali niandikie kupitia mhariri, uniambie amekujibu nini. Dada ameomba nimsomee kila barua itakayofika.